Kumfundisha mtoto mdogo kukabiliana na msongo: maswali ambayo wazazi huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wazazi, walezi na walimu wa watoto wa takriban miaka mitatu hadi minane. Maswali ni yale yanayorudi kila kikao cha wazazi: la kikojozi, la viboko, la mtoto anayelia getini kila asubuhi, na lile la ugomvi wa nyumbani ambalo mzazi huliuliza wenzake wakishatoka. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Pale ambapo mambo ni tofauti Kenya au Zanzibar, nimeeleza.

## Mambo ya msingi

Mtoto wa miaka minne ana msongo gani? Hajui kodi wala ada.

Msongo ni hali ya mwili kujiandaa kwa jambo linaloonekana kubwa kuliko uwezo wa mtu kwa wakati huo. Kwa mtoto mdogo mambo hayo ni mengi. Dada aliyemlea tangu mchanga kaondoka kwenda kwao bila kumuaga. Mdogo wake kazaliwa na mgongo wa mama umepata mwenyewe. Wamehama Mbagala kwenda Kibaha na hamjui jirani hata mmoja. Mwalimu mpya ana sauti kali, na basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Mtu mzima huyaona madogo kwa sababu anajua yatapita. Mtoto hana uhakika huo. Kwake "wiki ijayo" na "mwakani" ni karibu kitu kimoja.

Nitajuaje kama ni msongo au ni utundu tu?

Tazama mabadiliko. Mtoto aliyekuwa mtukutu tangu zamani ni mtukutu, lakini aliyekuwa mchangamfu akaanza kununa, kususa chakula, kuuma wenzake, kushtuka usingizini au kung'ang'ania kanga ya mama kila anaposimama, huyo anakwambia jambo. Wengine hurudi nyuma: wanaanza tena kunyonya kidole, kuongea kitoto au kukojoa kitandani. Wengine huumwa tumbo au kichwa.

Yupo mmoja ambaye wengi humkosa: mtoto aliyenyamaza. Hajibu, hachezi, hasumbui, na watu wanamsifu kuwa ana adabu. Mimi humwangalia huyo kwanza kabla ya yule anayerusha viti.

Kabla ya kuamua kuwa ni msongo, ondoa ugonjwa: homa, malaria, minyoo, maumivu ya sikio, au usingizi mdogo tu.

Je, msongo wote ni mbaya kwa mtoto?

Hapana. Kituo cha Makuzi ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, huugawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni msongo wa kawaida wa kukua: siku ya kwanza shuleni, chanjo, kushindwa mchezo. Huo ni mfupi na humjenga. La pili ni mzito, kama msiba au kuungua moto, lakini unavumilika kwa sababu kuna mtu mzima anayemshika mkono mtoto hadi upite. La tatu ndilo linaloumiza: msongo mkali unaoendelea kwa muda mrefu, kama kipigo, njaa, kutelekezwa au vurugu za kila siku, na hakuna mtu wa kumkinga. Huo huathiri ubongo unaokua na afya ya mwili kwa miaka mingi.

Ukiangalia vizuri utaona kinacholitenga kundi la pili na la tatu ni mtu. Tukio linaweza kuwa lile lile.

Kwa nini nikimwambia "Tulia!" hatulii?

Kwa sababu wakati huo hawezi. Mtoto akishikwa na hofu au hasira, mwili humwaga adrenalini: moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Kisha huja kotisoli, homoni inayouweka mwili katika tahadhari kwa muda mrefu zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kumwezesha mtu kujizuia, ndiyo inayokomaa mwisho; kazi hiyo huendelea hadi mtu avuke miaka ishirini. Kwa mtoto wa miaka minne bado ni changa hata siku njema, na hasira ikimpanda inazidiwa kabisa. Maelezo marefu, mahubiri na maswali ya "Kwa nini unafanya hivi?" hayapati pa kuingilia.

Kinachoingia ni hali ya mtu mzima aliye karibu. Ukishusha sauti, ukalegeza mabega, ukachuchumaa mkawa usawa mmoja, ukamshika mkono (au ukakaa tu karibu kama hataki kuguswa), mwili wake huanza kuufuata wako. Mtoto hutulizwa na mtu mwingine mara nyingi sana kabla hajaweza kujituliza mwenyewe. Kumtuliza hivyo si kumdekeza. Ndiyo njia ya kujifunza. Nikiombwa kuchagua jambo moja tu katika yote yaliyo hapa, nachagua hili: mtoto hujifunza utulivu kwa mtu aliyetulia, na mbinu hufundishwa siku ya raha, si katikati ya kilio.

Tuanze akiwa na umri gani?

Mliishaanza. Kumbembeleza mchanga hadi anyamaze ni somo la kwanza. Kuzitaja hisia kwa maneno kunawezekana tangu miaka miwili na nusu au mitatu. Mbinu za kupumua hushika vizuri kuanzia minne.

## Mbinu zenyewe

Nianze na mbinu gani?

Anza na majina. Mtoto asiye na neno la kinachomsumbua hutumia meno, mateke na machozi. Mpe manne ya kwanza: furaha, huzuni, hasira, woga. Akiyazoea ongeza wivu, aibu, upweke, hamu. Yaseme katika maisha ya kawaida, si kama somo ubaoni: "Naona umenuna tangu tulipotoka kwa bibi. Ni hasira au ni huzuni?" Akikataa, mwachie. Akisema "sijui", hilo ni jibu pia.

Halafu ulizia mwili. "Hasira yako iko wapi leo?" Watoto hujibu swali hili kwa urahisi wa ajabu: tumboni, kooni, kwenye ngumi. Anayeweza kusema "tumbo langu linasokota" anakuwa amepata onyo mapema, kabla hajarusha kikombe.

Na ujitaje wewe pia. "Mama amechoka, naomba nikae barazani kidogo ndipo unisimulie." Hapo amesikia kwamba uchovu una jina, na kwamba mtu anaweza kuwa nao bila kumpigia mtu kelele.

Nimfundisheje kupumua? Nikimwambia "vuta pumzi" anapumua kwa fujo tu.

Mpe kitu cha kufanya. Hii ya uji inafanya kazi karibu kila nyumba: akunje viganja viwili kama kikombe, umwambie kuna uji wa moto ndani. Kwanza anaunusa taratibu kwa pua. Kisha anaupuliza upoe, polepole, maana akipuliza kwa nguvu utamwagika. Hiyo "usimwagike" ndiyo siri, kwa sababu inairefusha pumzi ya kutoka, na pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Mara tatu hadi tano zinatosha.

Wakati wa kulala, mlaze chali umwekee kitu chepesi tumboni, kandambili au mwanasesere, akipandishe na kukishusha kwa pumzi. Fanyeni pamoja jioni akiwa na furaha. Baada ya wiki kadhaa, siku ya hasira utahitaji kusema neno moja tu: "Uji." Wakati mwingine atakuwa ameshakunja viganja.

Mwanangu hataki kupumua wala kuongea. Akikasirika anataka kupiga.

Basi mwili wake unataka kazi. Wapo watoto ambao utulivu kwao hupitia kwenye misuli: kusukuma ukuta kwa nguvu zote, kukanda unga wa chapati, kubeba kidumu cha maji cha saizi yake, kuruka kamba, kukimbia hadi kwenye mwembe na kurudi. Kumbuka kanuni ni mbili na hazibadiliki: hakuna kuumiza mtu, hakuna kuvunja kitu. "Una haki ya kukasirika. Kupiga, hapana. Njoo tusukume ukuta." Mzuie mkono kwa upole ukisema hivyo, kila mara, kwa maneno yale yale.

Sipendekezi kumpa mto aupige. Unamzoesha kuwa hasira ikija mkono unyanyuke.

Je, hadithi na michezo yetu ina nafasi hapa?

Kubwa sana, na naona uchungu tunavyoiacha. Mchezo wa kibaba na kimama ndipo mtoto anapoyarudia yaliyomshinda: anamchoma sindano mwanasesere, anamfokea kama alivyofokewa, anaondoka kwenda "kazini" na kurudi. Usimkatize wala usimsahihishe. Kaa karibu usikilize. Mengi ambayo hawezi kukwambia utayasikia pale.

Kombolela humfundisha kungoja na kujificha na hofu ndogo ya kupendeza. Rede na mdako humfundisha kushindwa mbele ya watu na kurudi tena. Hizo ni dozi ndogo za msongo mwema, zenye wenzake pembeni na kicheko mwishoni.

Katika hadithi, sungura na fisi wanaweza kuogopa badala yake. Simama katikati umuulize: "Sungura amesikia simba ananguruma. Moyo wake unafanyaje? Afanye nini?" Atakushauri mambo ambayo yeye mwenyewe anayahitaji. Na kile kiitikio cha mwanzo, "Paukwa!" "Pakawa!", kikisikika kila usiku saa ile ile, peke yake kinamwambia mtoto kuwa siku imeisha salama.

Mvulana aachwe alie?

Alie. Kilio ni mlango wa msongo kutoka, kwa msichana na kwa mvulana. Ukimwambia "wanaume hawalii", hisia haiondoki. Kinachoondoka ni desturi yake ya kukuletea. Mwambie, "Lia, baba, niko hapa. Ukimaliza tutaongea." Kisha ukae kweli.

Nikimpa simu aangalie katuni ananyamaza mara moja. Kuna ubaya gani?

Ananyamaza, lakini hajajifunza kitu, na kesho atahitaji simu tena. Mara moja kwenye foleni ya hospitali si dhambi. Ikiwa ndiyo dawa ya kila kilio, anakosa mazoezi ya kujituliza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora zaidi.

Na sala au dua?

Zinasaidia sana zikiwa kimbilio. Maneno anayoyajua, sauti ya pamoja na utulivu wa kukaa chini hufanya kazi ile ile ya kupumua taratibu. Zinaharibika zikigeuzwa kitisho: "Mungu anakuona, atakuchoma moto."

Usingizi una uhusiano wowote?

Kabla hujatafuta mbinu nyingine, hesabu usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na kulala mchana. Wa miaka 6 na kuendelea, saa 9 hadi 12. Sasa kama basi la shule linamlazimu kuamka saa kumi na moja alfajiri na anahitaji saa 10, ilibidi awe amelala saa moja usiku. Nyumba nyingi za Dar es Salaam saa hiyo baba bado yuko kwenye foleni. Nalijua hilo, wala sina jibu jepesi. Kinachowezekana ni kumlaza mchana akirudi, chakula cha jioni mapema, televisheni kuzimwa kabla ya kulala, na kama kuna shule ya karibu zaidi yenye ubora wa kutosha, kuitazama upya. Watoto wengi walioletwa kwangu kama "wakorofi" walikuwa na usingizi.

## Nyumbani na njiani

Anajigaragaza dukani watu wote wanatazama. Nifanyeje?

Sahau watu. Hakikisha usalama kwanza: msogeze mbali na barabara au vitu vya kuvunjika. Chuchumaa, sema maneno machache kwa sauti ya chini: "Unataka ile biskuti. Leo hatununui. Umekasirika." Kisha nyamaza usubiri. Usimpe biskuti ili anyamaze, maana utakuwa umemfundisha bei yake. Na usimpige, kwa sababu zilizo katika swali la viboko. Ndani ya daladala ambako huwezi kusogea, mpakate umkumbatie mkipumua pamoja, na kama kituo kiko karibu shukeni.

Akishatulia, mpe maji na maneno machache. Mazungumzo ya kweli ni jioni. Mara nyingine chanzo ni njaa au uchovu, hivyo usiende naye sokoni saa yake ya kulala.

Mtoto wangu hulia hadi anakata pumzi, anabadilika rangi na kulegea. Ni degedege? Ni mashetani?

Hali hii ya kukata pumzi wakati wa kilio huwapata watoto wengi kati ya miezi 6 na miaka 6, hasa wakikasirika, wakishtuka au wakiumia. Kwa kawaida hudumu chini ya dakika moja, mtoto anarudi mwenyewe, na huisha kadiri anavyokua. Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimmwagie maji, usimtikise wala kumwekea kitu mdomoni.

Hata hivyo mpeleke kituo cha afya mara ya kwanza inapotokea, ili wahakikishe kuwa si degedege au tatizo la moyo, na wampime damu: upungufu wa madini ya chuma huongeza uwezekano wa hali hii, na una tiba. Akiwa na homa, akikakamaa kwa muda mrefu au asipozinduka haraka, hiyo ni dharura.

Tunamtisha kidogo tu: "Nitamwita polisi", "Daktari atakuchoma sindano". Kuna madhara?

Kuna madhara, na hulipwa siku mbaya. Mtoto aliyetishiwa sindano kwa miaka mitatu ndiye anayeshikwa na watu wanne kwenye chanjo. Aliyetishiwa polisi, siku akipotea Kariakoo atajificha asimwone askari. Zimwi la uani nalo halibaki uani, linamfuata kitandani. Kama anahitaji kuchomwa sindano mwambie ukweli: "Itauma kidogo, kisha itaisha. Nitakushika, tutapuliza uji." Ukimwambia haiumi, mara ya pili hatakuamini.

Bila kiboko atajifunzaje?

Kiboko humnyamazisha, hilo ni kweli, kwa sababu hofu huzima kelele. Lakini ulilotaka kumfundisha, kujizuia na kufikiri, linakaa kwenye ile sehemu ya ubongo ambayo hofu huifunga (rudi kwenye swali la "Tulia!"). Anachojifunza ni kuficha, na kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Kesho yake anampiga mdogo wake kwa maneno yako yale yale.

Nidhamu inabaki. Aliyemwaga maji kwa makusudi afute. Aliyemnyang'anya mwenzake arudishe na akae nje ya mchezo dakika chache, akiwa na mtu mzima karibu. Adhabu iwe fupi, ya papo hapo, inayohusiana na kosa.

Kisheria, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi 4, kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi. Mwalimu wa awali anayetembea na fimbo darasani hana kanuni inayomlinda, na mzazi ana haki ya kuliuliza hilo.

Mimi mwenyewe nina msongo. Nitamfundisha nini?

Unaweza kumfundisha kurekebisha. Hakuna mzazi asiyewahi kufoka. Rudi kwake, kaa chini, sema: "Nilikupigia kelele. Nilikuwa nimechoka, haikuwa kosa lako. Nisamehe." Kumwomba mtoto msamaha hakupunguzi heshima yako.

Na tafuta msaada wako: shoga, shangazi, kikundi cha vikoba, kiongozi wa dini, daktari. Mama aliyejifungua karibuni akiona huzuni inazidi wiki mbili, hana hamu hata ya mtoto, aende kliniki aseme hivyo hivyo.

Bibi anasema tunamdekeza, na dada wa kazi ana njia zake.

Kaeni mkubaliane mambo matatu tu ambayo kila mtu atayashika: hakuna kumpiga, hakuna kumtisha, na akilia mtu anamsogelea. Mengine waachie. Bibi ana mambo ambayo wewe huna: muda, mapaja na hadithi. Dada naye mpe maneno ya kusema na mpe nafasi ya kupumzika. Anakaa na mtoto saa nyingi kuliko ninyi. Siku akiondoka, amuage mtoto waziwazi. Kwake huo ni msiba mdogo.

Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, ameanza tena.

Kama alikaa mkavu kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, tafuta sababu. Kwanza hospitali: maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, na kisukari (hasa kama anakunywa maji mno na kukonda). Kisha angalia maisha: mdogo kazaliwa, shule mpya, ugomvi, mtu anayemwogopa.

Usimwaibishe. Kumtembeza na godoro au kumwimbia mbele ya wenzake kunaongeza ule ule msongo unaomkojolesha. Mwamshe ajisaidie kabla nanyi hamjalala, weka mpira chini ya shuka, na asubuhi asaidie kutoa shuka kama kazi ya kawaida, pasipo hotuba.

## Shuleni

Kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Jumamosi mzima kabisa.

Maumivu ni ya kweli hata kama hakuna minyoo. Tumbo na ubongo vinawasiliana, na wasiwasi hulisokota tumbo kwelikweli. Usimwite mwongo. Mpime kwanza. Akiwa hana ugonjwa, mwambie, "Naamini linauma. Nadhani lina wasiwasi. Kuna nini shuleni?" Kisha mpeleke shule, maana kila siku anayobaki nyumbani inaifanya kesho iwe nzito zaidi. Lakini uliza kwa undani: choo kikoje, nani anakaa naye, nani humnyang'anya chakula, mwalimu huwafanyaje wanaokosea. Ukigundua anaonewa au anapigwa, shule ndiyo inayotakiwa kubadilika. Usimfundishe mtoto kupumua ili avumilie kipigo.

Analia kila ninapomwacha getini. Nitoroke akiwa amegeuka?

Usitoroke. Ukitoroka atakulinda macho siku nzima, maana ameona unaweza kutoweka. Muage kwa namna moja kila siku, fupi: kumbatio, maneno yale yale, kisha uende. Mwambie utarudi lini kwa saa anayoielewa, "baada ya uji na mchezo", halafu utimize. Kitambaa chenye harufu ya mama mfukoni husaidia. Wengi hutulia ndani ya wiki chache.

Tunafikiria kumpeleka bweni, yuko darasa la pili.

Ninawasihi msifanye hivyo. Mtoto wa umri huo anahitaji kila jioni mtu wake wa kutulizana naye, na matroni mmoja mwenye watoto arobaini hawezi kuwa mtu huyo. Tanzania Bara, Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Kama hali ya familia inawalazimu atoke nyumbani, ndugu wa karibu anayempenda ni bora.

Mitihani na tuisheni je?

Mtoto wa awali hahitaji tuisheni. Anahitaji kucheza. Kwa anayeelekea upimaji wa darasa la nne, achaneni na kumlinganisha na mtoto wa jirani, na msifuni kwa juhudi mliyoiona: "Uliendelea hata hesabu ilipokuwa ngumu."

## Mambo mazito

Baba yake amefariki. Tumemwambia amesafiri.

Mrudieni mumwambie ukweli, mapema. Anayesafiri hurudi, kwa hiyo mtoto atangoja, kisha ataona ameachwa. Na "amelala" ni mbaya zaidi. Wapo watoto wanaokataa kulala baada ya kuambiwa hivyo. Semeni kwa maneno ya wazi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hatarudi. Tunahuzunika sana." Imani yenu kuhusu alikokwenda iongezwe baada ya hapo.

Mwambieni pia kwamba hakuna alichofanya kilichosababisha. Watoto wadogo huamini hasira yao inaweza kuua. Atauliza swali lile lile siku nyingi. Jibu lile lile, taratibu. Atalia, kisha dakika tano baadaye atakimbia kucheza, na hiyo ndiyo huzuni ya watoto. Asilazimishwe kuaga mwili, wala asifukuzwe msibani. Akitaka kuwepo, awe na mtu mzima mmoja wa kwake peke yake. Na jambo la mwisho, zito: asigawanywe na ndugu zake kwa haraka baada ya msiba kama kuna njia yoyote ya kuwaweka pamoja.

Tunagombana, na huenda tukaachana.

Anasikia, hata mkifunga mlango. Mwambieni pamoja kama inawezekana: nani atakaa wapi, atasoma wapi, na kwamba si kosa lake. Asitumwe ujumbe, asiulizwe anampenda nani zaidi, asisikie mzazi mwenzio akitukanwa. Kama kuna kipigo nyumbani, mbinu hazitoshi. Soma swali la mwisho.

Tumepatwa na mafuriko. Mvua ikianza tu anapiga kelele.

Baada ya janga kama maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, Desemba 2023, au mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024, hofu ya namna hii ni ya kawaida kwa wiki kadhaa. Rudisheni ratiba haraka: kula, kulala, kucheza, hata kama ni kambini. Akichora maji au kucheza mafuriko, mwacheni. Video za janga kwenye simu zikae mbali naye, maana mtoto mdogo hudhani kila anapoiona kuwa janga linatokea tena. Mpe kazi: siku ya mvua yeye ndiye wa kushika tochi. Hofu ikidumu zaidi ya mwezi bila kupungua, tafuteni mtaalamu.

Mwanangu haongei, au ana usonji. Haya yote yanamhusu?

Yanamhusu, kwa njia nyingine. Tumia picha za nyuso, ishara za mikono, vitu vya kushika. Kwa mwenye usonji, kinachomzidi mara nyingi ni kelele, mwanga, nguo inayowasha au ratiba iliyobadilika ghafla. Punguza hicho kwanza. Akijitikisa au kupunga mikono, huenda ndivyo anavyojituliza. Usimzuie isipokuwa anajiumiza.

Lini nimpeleke kwa mtaalamu, na wapi?

Dalili zikidumu zaidi ya mwezi, zikimzuia kula, kulala, kucheza au kwenda shule, akijiumiza, akisema anataka kufa, hata kama ni mdogo, au akipoteza uwezo aliokuwa nao, kama kuongea. Kwa hizo tatu za mwisho usisubiri mwezi. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hospitali za rufaa zina huduma za afya ya akili, ikiwemo Muhimbili kwa Dar es Salaam na Mirembe kwa Dodoma. Namba 116 ni simu ya bure kwa ajili ya watoto, Tanzania na Kenya pia. Mzazi anayetaka ushauri anaweza kuipiga.

Nashuku kuna mtu anamfanyia ukatili.

Msikilize uso wako ukiwa mtulivu, hata kama ndani unaungua. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Nakuamini. Si kosa lako." Usimhoji mara kumi, usimwahidi kuwa itabaki siri, na usimkabili mshukiwa mbele yake. Mtenge na mtu huyo leo hii, hata akiwa ndugu au mwalimu.

Kama kuna ukatili wa kingono, mpeleke hospitali mara moja bila kumwogesha, pamoja na nguo alizovaa; dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Toa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116. Baadhi ya hospitali Bara na Zanzibar zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja, ili mtoto asisimulie upya kila ofisi. Ndugu wakitaka mambo yamalizwe kifamilia, kataa.